Gari la Wazi, Gari la Mlango wa Nyuma, na Spana Namba Kumi na Tatu

Wanangu mnaojifunza ufundi, na hata ninyi mnaoendesha tu na kutuletea sisi matatizo, kaeni kidogo.

Kila baada ya muda kijana mmoja hunijia na picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ni gari la wazi, viti viwili, pua ndefu, paa la turubai linalokunjwa nyuma. Ya pili ni gari fupi lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, dogo lakini lenye injini ya hasira. Kisha huniita babu kwa Kiganda na kuniuliza, "Jjajja, nikitaka gari la kujifurahisha tu, nichukue lipi?"

Mimi humwambia akae. Wengi hawakai. Wanataka neno moja, na mimi nina saa nzima.

Nimetengeneza magari kwa miaka thelathini na minane hapa Kampala. Swali hilo nimelisikia mara nyingi, lakini lilikuwa na uzito mara moja tu, zamani wanajeshi walipokuwa wanatawala. Siku ile jibu lilikuwa linabeba watu watano.

Gereji yetu ilikuwa Nakivubo, upande wa mfereji. Mwenyewe alikuwa Mzee Sefu, Mwislamu ambaye babu yake alikuja huku na msafara wa biashara kutoka pwani, akauza alichokuja nacho, akasahau kurudi. Mzee Sefu alikuja kazini kila siku na kanzu nyeupe, na jioni iliondoka ikiwa nyeupe. Wateja walisema huo ni usafi wa ajabu. Sisi mafundi tulijua ni kwa sababu hakugusa gari. Alisikiliza tu. Alisimama hatua tano kutoka kwenye boneti, akafumba macho, akasema, "Silinda ya tatu," na ilikuwa silinda ya tatu.

Ukutani alikuwa na ubao mweusi. Kila spana ilichorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, na jioni kila umbo lilipaswa kufunikwa na spana yake. Spana moja ikikosekana, hakuna aliyekwenda nyumbani na hakuna gari lililotoka. Ujanani mwake aliwahi kusahau spana kwenye injini ya mteja, ikaangukia feni, feni ikaitupa kwenye rejeta, na mteja akaja kwa miguu. "Gari likiondoka na spana yako," alitwambia, "wewe si fundi tena. Wewe ni mfadhili."

Ninyi mna kompyuta inayowaambia ugonjwa wa gari. Chukueni hilo bure kutoka kwangu: kompyuta haihesabu spana.

Sasa niwaeleze kidogo hali ya kazi wakati ule, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu.

Wahindi walikuwa wamefukuzwa, na waliokuwa wakiuza vipuri walikwenda pamoja nao. Maduka yalipewa watu wengine. Ulikwenda kuomba mpira wa breki, mwenye duka jipya akakuuliza breki ni ya nini. Gasketi tulikata kwa kadibodi tukaipaka vanishi. Mafuta ya breki yalipokosekana, nilimwekea mteja mmoja maji ya sabuni, kwa sababu mtu niliyemwamini aliniambia yanafanya kazi. Yalifanya kazi mpaka mteremko wa Nsambya. Yule bwana alisimama ndani ya ua wa mapadri, akazima gari, akaniambia, "Fundi, breki zinatoa povu." Sabuni hula mpira, wanangu. Msiweke.

Lakini jambo gumu zaidi halikuwa vipuri. Lilikuwa kwamba gari zuri lilikuwa hatari. Mtu mkubwa akilipenda gari lako, lilikuwa tayari lake, na kilichobaki ni wewe kutoa ufunguo, na ulifanya vyema kuutoa huku ukitabasamu. Kwa hiyo wateja walikuja wakasema, "Nitengenezee, lakini lisipone kwa macho." Nasi tulijifunza. Tulifunga boneti ya rangi nyingine. Tuliacha tope likaukie kwenye taa. Mwalimu mmoja wa shule alituomba tumwekee kovu mlangoni, nami nilipiga nyundo kwa uangalifu sana. Kubonyeza bati ili lionekane limegongwa kwa bahati mbaya ni kazi ngumu kuliko kulinyoosha. Jaribuni.

Mimi nilikuwa hodari wa injini na dhaifu wa kujizuia. Nilipenda gari lilie vizuri. Mzee Sefu alinionya mara nyingi. "Opio," alisema, "wewe unatengeneza kama mtu anayetaka kupigiwa makofi."

Basi siku moja akaja Luteni Draru, mpiga ngoma na mkuu wa kikundi kimoja cha bendi ya jeshi. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayetembea kwa mapigo hata pasipo muziki. Alikuja na magari mawili, moja analiendesha, jingine linaendeshwa na mpiga tarumbeta. Yote mawili yaliachwa na wenyewe walipofukuzwa. La kwanza lilikuwa la wazi, jekundu. La pili lilikuwa fupi, rangi ya chungwa, lenye mlango wa nyuma.

"Nimepewa moja," akasema. "Ingine ni ya Kanali. Kanali amesema mimi nichague kwanza."

Mzee Sefu akamtazama. "Amekuwa mkarimu."

"Ndiyo. Amesema Jumamosi anakuja hapa kuona ile nimechagua."

Hapo hata mimi nilielewa. Kanali alimwachia achague kwanza ili yeye ajue lipi ni zuri, kisha achukue hilo.

"Na wewe unataka gari la kufanya nini, Afande?" Mzee Sefu akamuuliza.

"Ya kufurahi tu. Jumapili. Mama na watoto."

Nawaambia sasa jambo ambalo Mzee Sefu alilikisia siku ile na mimi nililijua baadaye, ili msihangaike kama mimi. Luteni alikuwa amepanga kuondoka nchini na mke wake na watoto watatu. Wapigaji wake wawili walikuwa wameitwa kuulizwa maswali na hawakurudi, na kwenye mazoezi viti vyao vilikuwa bado vimepangwa. Barabara ya Busia, mpakani mwa Kenya, ilikuwa na vizuizi vingi. Gari kubwa lenye masanduku lingefunguliwa kila kizuizi. Lakini ofisa aliyevaa shati la maua, amepakia familia kwenye gari la starehe, anakwenda Jinja kuwaonyesha watoto bwawa la umeme, huyo angepigiwa saluti.

Mzee Sefu alikuwa na desturi moja kwa mteja yeyote aliyetaka kuchagua gari. Hakumwambia lipi ni bora. Alimwambia, "Niletee Jumapili yako yote." Maana yake, leta kila mtu na kila kitu utakachobeba siku ya kulitumia, tukipakie hapa tuone. Watu hununua gari kwa ajili ya mtu wanayetamani kuwa, kisha hulipakia watu walio nao.

Kesho yake Luteni akaleta Jumapili yake. Alileta mke wake, tuliyemwita Mama Leti, binti wawili, mtoto mdogo wa mgongoni, kapu la chakula, na ngoma kubwa ya bendi, ile inayobebwa tumboni.

Tulianza na gari la wazi. Luteni aliingia, kiti kikalia. Mama Leti akaingia na mtoto. Binti wawili wakasimama nje wakitazama.

"Sisi tunakaa wapi?" akauliza Leti, mkubwa wao.

"Nyuma," baba yake akasema.

"Nyuma ya nini?"

Mama Leti akasema, "Mpiga ngoma amechagua gari ya watu wawili. Hao wengine watakuja na posta."

Tukahamia lile la chungwa. Binti waliingia nyuma, kapu likaingia, mtoto akalala. Mlango wa nyuma ulipanda juu, na nafasi ilionekana ambayo kwa nje hukuidhani. Ikabaki ngoma. Tuliigeuza hivi, tukaigeuza vile, tukaondoa ubao wa kufunikia mizigo. Ilikataa kwa vidole viwili.

Luteni aliishika ngoma ile muda mrefu. "Ngoma itabaki," akasema.

Mzee Sefu aliinua macho. Mimi nilidhani wanaongea habari za ngoma.

Sasa, kwa ninyi mnaotaka kujua magari yenyewe, nitasema nilichokiona, maana niliyaendesha yote mawili mpaka juu ya kilima cha Nsambya na kurudi. Lile la chungwa lilikuwa na mwendo zaidi. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta, kwa hiyo kwenye kona ukikosea lilikuwa linatoka tu kuelekea nje, na ukiondoa mguu kwenye mafuta pole pole linarudi. Linamsamehe mjinga. Lile jekundu lilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na umekaa karibu nayo, chini, kiasi kwamba ukinyoosha mkono unagusa lami. Likianza kuteleza unalisikia kwenye makalio kabla ya kulisikia kwenye usukani. Lilikuwa la polepole kuliko lile jingine, na hakuna mtu angekubali, kwa sababu upepo usoni huongeza mwendo. Kilomita sitini ndani ya gari la wazi ni mia ndani ya gari lenye paa. Furaha haimo kwenye saa ya mwendo.

Na kabla ya kununua la wazi, mwagia turubai ndoo ya maji huku wewe mwenyewe umekaa ndani. Muuzaji akikuzuia, umeshapata jibu.

Tuendelee. Siku ya Ijumaa Mzee Sefu alikuwa anakwenda msikitini. Aliniachia magari yote mawili. "Hili jekundu lisafishe vizuri," akaniambia. "Hili la chungwa liwashe tu, uone mlango wa nyuma unafunga. Usilifurahishe."

Nilisafisha jekundu. Kisha nikawasha la chungwa, nikasikia vali mbili zimelegea. Ningewezaje kuziacha? Nilizirekebisha. Nikafungua kabureta, nikaisafisha. Nikapanga moto wa plagi. Nilipokuwa hapo nikafungua ubao wa ndani wa nyuma ili nikaze komeo la mlango, nikaufunga. Mwisho nikapaka nta. Injini ilikuwa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba, na mimi nilikuwa nimesimama nikisubiri kupigiwa makofi.

Mzee Sefu alirudi. Alisimama getini, akafumba macho.

"Nani huyo anaimba?"

"Lile la chungwa, Mzee."

Hakunikaripia. Alivuta kiti, akakaa, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameshika upindo wa kanzu kwa mikono yenye jasho. "Opio," akasema, "mwanangu, kesho mtu mkubwa anakuja kuchagua kwa masikio." Halafu akanieleza kwa sauti ndogo Jumapili ya Luteni ilikuwa Jumapili gani. Alisema maneno machache, na mimi nilikaa chini kwenye tairi.

Nilisema nitazilegeza vali tena. Nilikuwa nimeshashika spana. Lakini Kanali hakungoja Jumamosi. Landrova iliingia getini, Luteni akiwa amekaa nyuma na Kanali mbele.

Kanali alikuwa mrefu, na alikuwa anatabasamu. "Mpiga ngoma, umechagua?"

"Ile ya machungwa, Afande. Watoto ni wengi." Hakuthubutu kutaja jekundu, Kanali asije akamwachia.

"Hata mimi niko na watoto," Kanali akasema. Alikwenda moja kwa moja kwa lile la chungwa, lililokuwa linang'aa kwa nta yangu. Akaliwasha. Akasikiliza. Tabasamu likapanuka. "Hii inalia muzuri. Nani ametengeneza?"

"Mimi, Afande," nikasema. Sijawahi kujivunia kazi kwa huzuni kama siku ile.

"Ingia. Twende."

Luteni alibaki amesimama kando ya Mzee Sefu. Alikuwa anapiga mapigo kwa kidole kwenye mshono wa suruali, na nadhani hakujua.

Tulipita Nakivubo, tukaelekea juu Nsambya. Gari lilipanda kama limealikwa. Kanali alisema, "Muzuri. Muzuri sana." Kisha tukaingia kona ya kulia, na nyuma kukasikika: *ngo*. Tukanyoosha. Kona ya kushoto: *ngo-ngo*.

"Hiyo nini?"

"Sijui bado, Afande," nikasema, na ilikuwa kweli.

Alijaribu tena. *Ngo.* Akapunguza mwendo, akasimamisha gari, akalala chini mwenyewe na kutazama. Hakuona kitu. Tukarudi, na kila kona kelele ile ilitusindikiza.

"Mzee," Kanali akamwambia Mzee Sefu, "gari hii iko na ugonjwa."

Mzee Sefu aliomba lizungushwe uani. Alisimama hatua tano, akafumba macho. *Ngo.* Kisha akafumbua macho, akageuka taratibu akatazama ubao wake ukutani. Nami nikautazama. Umbo la namba kumi na tatu lilikuwa tupu.

Nilikumbuka ubao wa ndani wa nyuma. Nilikumbuka mkono wangu ndani yake. Na sikukumbuka kuutoa ukiwa na spana.

"Afande," Mzee Sefu akasema, "kelele ya namna hii inaweza kuwa kitu kidogo sana. Inaweza kuwa kitu kikubwa pia. Mimi siwezi kuapa kwa gari la mtu mkubwa."

"Kama ni kubwa?"

"Basi litamwacha mwenyewe njiani."

Kanali alilizunguka lile jekundu. Mzee Sefu akamuuliza kwa upole, "Afande, ukipita barabara ya Kampala Jumapili, unataka watu waone gari, au wakuone wewe?"

Kanali akafungua mlango wa lile jekundu. Aliingia, akavua kofia, akaondoka. Aliporudi vumbi lilikuwa limempaka nyusi. "Polisi wa barabara amenipigia saluti mara mbili," akasema. "Kwenda na kurudi." Akamgeukia Luteni. "Mpiga ngoma, wewe baki na hiyo ya machungwa. Mimi ni mtu mwenye huruma, lakini siyo kwa magari."

"Asante, Afande," Luteni akasema.

Landrova ilipoondoka na jekundu likifuata, nilichukua bisibisi niende kufungua ubao wa ndani.

"Acha," Mzee Sefu akasema.

"Mzee, ni spana yetu. Ubao wa ukutani..."

"Ubao utangoja. Likae linagonga mpaka atakapofika anakokwenda. Gari bovu halina rafiki."

Luteni aliliondoa gari mchana uleule. Jumapili lilionekana likipita na shati la maua, kapu, na mpira wa watoto dirishani. Ngoma ilibaki gereji, tukaweka juu yake sufuria ya chai.

Wiki ile kila jioni Mzee Sefu alihesabu spana, akafika kwenye lile umbo tupu, akasema, "Fungeni." Tulikwenda nyumbani na moja pungufu. Haikuwahi kutokea tangu gereji ifunguliwe. Fundi mmoja alitundika spana nyingine pale ili kumfurahisha, Mzee akaitoa, akaiweka mezani.

Wiki ya pili Kanali akaja. Mvua ilikuwa imenyesha ndani ya gari lake mpaka kwenye pedali. Nilitoboa matundu mawili sakafuni maji yatoke, nikamweleza kwa subira kwamba turubai hushonwa, halikemewi.

"Yule mpiga ngoma yuko wapi?" akauliza ghafla. "Haonekani kazini."

Mikono yangu ilisimama. Mzee Sefu alikuwa anakunywa chai.

"Mara ya mwisho niliposikia gari lake, Afande, lilikuwa linagonga."

Kanali alifikiri. Kisha akacheka kama mtu aliyeridhika na nafsi yake. "Nilisema mimi. Amekwama huko Jinja." Akaingia kwenye gari lake la wazi, na maji yakamtoka miguuni mpaka getini.

Siku nne baadaye, asubuhi, dereva wa lori Mkenya aliyekuwa ameshusha mzigo kwenye maduka ya Kikuubo alikuja kutuuliza kama hapa ni kwa mzee wa kanzu. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti la Nairobi.

"Kuna bwana mmoja mnene kule kwetu amenipa hii," akasema. "Anasema ilimpigia kelele njia nzima, na watoto waliizoea wakaifanya wimbo. Anasema sasa kelele imekwisha. Wote watano wanawasalimu."

Mzee Sefu alifungua gazeti. Alimpa dereva kikombe cha chai kutoka juu ya ngoma. Kisha akaenda ukutani, akaitundika namba kumi na tatu juu ya umbo lake, akainyoosha kidogo kwa kidole. Kidole kilibaki na grisi. Akakipangusa kwenye kanzu, mbele, mahali ambapo kila mtu angeona.

Ilikuwa bado asubuhi. Alihesabu zote kuanzia juu, kwa sauti, mpaka mwisho.

"Zimetimia," akasema. "Fungeni, twende nyumbani."